Vidonge Viwili vya Mzee Melki

Mwanamume akishakwambia "mimi mzima," mwache. Hata kama anahema kama mivukuto ya mhunzi, atakwambia ni mlima tu. Melkizedeki Mchome wa Mhezi alikuwa mtu wa namna hiyo, na kidogo tu neno hilo limpeleke kaburini.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja mwaka ule wa elfu mbili na moja. Ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia kule chini, kwenye shamba la mkonge. Alianza mkataji, akamaliza mnyapara mwenye filimbi shingoni, akiamrisha Wabena, Wamakonde, Waha, watu wa kila kona ya nchi. Halafu shamba likauzwa. Wenye shamba wapya wakaja na karatasi, watu wakasomewa majina uwanjani kama watoto waliofeli darasa la saba, na jina la Melki lilikuwa katika ukurasa wa kwanza. Akapanda mlima kurudi kwao na baiskeli, mablanketi mawili na presha. Mwaka uliofuata mkewe Ruthi akafariki. Mwanawe Samweli akaenda Dar kutafuta maisha kwenye mitumba, akamwacha mkewe Doreen pale nyumbani kwa baba.

Huyo Doreen alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji. Mkamwana mwenye adabu zake: alipiga goti akimpa mkwewe maji ya kunawa, na hakuwahi kupita mlango wa chumba chake. Melki naye hakuwahi kumtazama machoni kwa muda wa kumeza mate. Ndivyo mkwe anavyoheshimiwa, na heshima hiyo Melki aliipenda sana, mpaka siku ilipomgeukia.

Miaka miwili baada ya msiba alioa tena. Alimwoa Lukia, mjane wa Lembeni mwenye miaka arobaini, mwanamke ambaye akicheka mtoni unamsikia kanisani. Watu wakasema mzee kajitakia moto mkononi. Yeye akawajibu kwamba moto ndio unaopika.

Basi moyo nao ukaanza. Siku moja akipanda na kuni, kifua kikambana, akakaa chini kwenye majani kama mtoto. Madaktari wa Moshi wakampa dawa za aina mbili. Za kwanza za presha, kila asubuhi, maisha yake yote. Za pili vidonge vidogo sana ndani ya kichupa cha kahawia, vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Doreen aliporudi naye aliwapanga watu wote uani, akawafundisha kama gwaride: baba akishika kifua, mkalishe chini, kidonge kimoja chini ya ulimi, usisubiri. Lukia akarudia mara tatu. Hata Eliamini, jirani, rafiki wa Melki tangu wakichunga mbuzi pamoja na sasa mzee wa kanisa, alikuwepo akirudia. Yeye alikuwa na kichupa cha kahawia kama hicho, chake mwenyewe, kutoka kwa Doreen huyohuyo.

Kile ambacho Doreen hakukisema, na pengine angekisema kama angekuwa anasema na mtu mwingine, ni kwamba dawa zile za presha humfunga mwanamume mlango. Haikuchukua miezi mitatu. Melki alilala kama gogo kando ya mke mwenye kicheko kile, akaangalia mabati mpaka majogoo wawike. Akiacha dawa, moyo utasimama. Akimeza dawa, kitu kingine hakisimami. Aulize nani? Mtu wa dawa kijijini ni mmoja, na ni mkamwana wake! Utaanzia wapi? Utasema nini, na yeye ameinamisha macho ameshika birika la maji? Alijaribu mara moja. Alimwita, Doreen akaja, "Abee baba," akasimama mbali kidogo. Melki akamuuliza kama mvua itanyesha.

Lukia hakulalamika, na hilo ndilo lililomkondesha. Mwezi wa tatu alikwenda Lembeni kwenye msiba wa shangazi, akaaga siku tatu. Siku ya tano hajarudi. Siku ya saba Melki akawa anapiga hatua barazani, anachungulia njia. Siku ya tisa alikaa kitandani akijiambia, kwisha, nimeachwa, na nitamwambia nani sababu? Lukia akatokea jioni ile na kikapu cha machungwa, akamsalimia vizuri tu. Melki hakuuliza alichelewa wapi. Aliogopa kujibiwa.

Wiki iliyofuata akashuka Same.

Siku hizo Same ilikuwa imeota maduka ya dawa kama uyoga. Zamani dawa ilikuwa ya serikali, na ilikuwa haipo. Sasa kila mlango karibu na stendi una rafu na kioo, na dawa zipo mpaka zile usizozijua. Melki akaingia kwa Swalehe, kijana mpole mwenye koti jeupe lisilokuwa lake, akanunua panado. Akatoka. Akarudi, akanunua plasta. Mara ya tatu Swalehe akamwangalia, akainama chini ya meza, akatoa kipakiti cha vidonge vya bluu.

"Mzee wangu, nadhani ulikuwa unataka hivi."

"Mtu kanituma," akasema Melki.

"Wote wanatumwa. Sasa huyo aliyekutuma, moyo wake mzima? Maana kuna dawa ile ya kuweka chini ya ulimi. Anayetumia ile asiguse hivi. Vikikutana presha inaporomoka, mtu anazimika hapohapo, hata hospitali hafiki. Nakwambia ukweli, mzee, mimi sitaki kuua mtu."

Kichupa cha kahawia kilikuwa mfukoni mwa shati, kimegusa kifua.

"Huyo ni mzima," akasema Melki. "Anapanda mlima kila siku."

Akauziwa vitatu.

Mambo ya Jumanne usiku tuwaachie wenyewe. Itoshe kusema kwamba Jumatano asubuhi Lukia alikuwa anaimba jikoni, na Melki alikuwa anapiga mluzi, jambo ambalo halikusikika tangu alipokuwa mnyapara. Akaona aonyeshe nguvu. Akashuka shambani, akakata mkungu wa ndizi, akaubeba begani peke yake kupanda nao. Mwanamume bwana!

Alifika uani. Mkungu ukadondoka, naye akafuata.

Sasa hapo ndipo mafundisho ya Doreen yalipofanya kazi, tena vizuri mno. Lukia alipiga ukelele mmoja tu, akakimbilia koti la mumewe msumarini na kurudi na kichupa. Eliamini, aliyekuwa anakuja kuazima jembe, akamkalisha na kumwegemeza kifuani kwake. Doreen alikuwa ametoka chumbani kwake na sare nyeupe, anakwenda kazini. Akatupa mkoba akaja mbio.

"Chini ya ulimi, mama! Haraka!"

Lukia akakileta kidonge kwenye ncha ya kidole. Melki akafunga mdomo.

"Baba Samweli, fungua!"

Akakaza meno. Kifua kilikuwa kama kimekanyagwa na ng'ombe, jasho linamtiririka puani, na mtu anayempenda amepiga magoti mbele yake ameshika kifo chake kidoleni, anamsihi akipokee. Akausukuma mkono. Kidonge kikaanguka vumbini. Lukia akatoa kingine, analia.

"Amechanganyikiwa," Eliamini akasema. "Ngoja nimbane pua. Mdomo utafunguka wenyewe." Akambana pua kwa vidole vyake vya mkulima.

Jamani, mtu anaweza kukabwa na wema! Melki akaona vyote viwili. Akifungua mdomo bila kusema, atakufa, na atazikwa kwa heshima, na Doreen atapiga goti kaburini. Akifungua na kusema, ataishi, lakini uso wake atauweka wapi? Pumzi ikamwishia. Akatamani Doreen asiwepo. Lakini asipokuwepo, nani atajua la kufanya?

Akageuza uso, akamtazama mkamwana wake machoni kwa mara ya kwanza.

"Doreen. Jana nilikunywa vya bluu."

Lukia hakuelewa. Eliamini akaiachia pua. Doreen alielewa, na adabu yote ikamtoka usoni kama mtu aliyevua kanga, akabaki nesi.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Vingapi?"

"Kimoja."

"Mama, weka kidonge hicho chini. Usimpe, hata akikuomba mwenyewe. Akikipata hicho leo tunamzika." Akafungua mkoba, akampa aspirini atafune, akamlaza. Akapiga kelele watafutwe wanaume. Masika yalikuwa yamekata barabara kwenye kona ya juu, na gari lilikuwa halifiki kijijini. Ilibidi mgonjwa ateremshwe kwa machela.

Wakapatikana wanaume wanane, Eliamini akiwemo. Milimani machela haiitiwi mara mbili. Anayesikia anaacha jembe. Wanne wanabeba, wanne wanapumzika, wanabadilishana kila penye jiwe la kukalia. Melki akalazwa kwenye blanketi lililofungwa mitini, koti lake likamfunika miguu. Doreen alitangulia, Lukia na akina mama wengine nyuma.

Maumivu yalianza kulegea, lakini aibu ilikuwa imekaa pale pale. Alifumba macho. Mwanamume aliye kwenye machela hana pa kwenda; anakwenda anakopelekwa, na maneno yanamfuata.

Na yakamfuata kweli. Kwenye zamu ya kwanza, mmoja wa wabebaji akainama karibu na sikio lake. "Pole, mzee. Hivyo vitu... ni Same pale stendi, au?"

Melki akafumbua macho. Ala! Habari imeshatoka uani?

Zamu ya pili mwingine akainama. "Mzee, usinielewe vibaya. Ni shemeji yangu anauliza."

Mtu wa tatu hakuuliza duka. Aliuliza kama vinafanya kazi. Melki alitaka kucheka, kifua kikamkataza. Miezi yote ile aliyoangalia mabati, alidhani ni yeye peke yake Mhezi nzima! Kumbe kila nyumba ina mtu anaangalia mabati yake. Akawajibu wote kwa sauti ndogo, "Ulizeni Doreen kwanza," nao wakageuza macho njiani, kwa sababu Doreen ni mkamwana wa kijiji, na nani atamwanzia?

Eliamini peke yake hakuuliza kitu. Alibeba upande wa miguuni, zamu zote, bila kukubali kupokewa.

Walipofika kwenye barabara nzima, pikapu ya kabichi ilikuwa inasubiri. Wakampandisha nyuma, Lukia na Doreen wakapanda.

"Baba," Doreen akasema, macho yake yamerudi chini, "daktari atataka kuona vilivyobaki. Viko wapi?"

"Koti. Mfuko wa ndani."

Doreen akaingiza mkono. Akajaribu mfuko mwingine. Akatikisa koti. Hakuna.

Melki akaangalia wale wanane walioshuka naye. Wamejipanga kando ya barabara, wanafuta jasho. Saba kati yao ni wazima. Mmoja ana kichupa cha kahawia.

Dereva akawasha gari. Hapo ndipo Melki alipobanwa kuliko uani. Pale aibu ilikuwa yake, aliweza kuilipia mwenyewe. Hii ilikuwa ya mtu mwingine, mzee wa kanisa, na mkewe Evaline amesimama pale pale na kikapu kichwani. Kama siye aliyechukua, atakuwa amemvunjia heshima bure mbele ya mkewe na kijiji. Kama ndiye, na Melki akanyamaza? Alimjua Eliamini. Alijua hata hesabu anayoipiga: nikimeza cha bluu, siku hiyo siweki cha ulimi, basi. Ndiyo hesabu aliyoipiga yeye mwenyewe. Na kifua kikibana, mkewe ataleta kichupa mbio, kwa sababu kafundishwa.

Gari likaanza kutembea. Melki akajiinua kwa kiwiko, Lukia akimvuta alale.

"Eliamini! Rudisha vidonge! Wewe una moyo kama mimi, vitakuua! Evaline, msachi mumeo!"

Wote wakageuka kumtazama Eliamini. Evaline akashusha kikapu. Eliamini alisimama kama mti, uso umemwiva. Halafu akaingiza mkono mfuko wa suruali, akatoa kipakiti, akakitupa korongoni kwa nguvu zake zote, na akampigia Melki kelele neno moja la Kipare ambalo mzee wa kanisa hatakiwi kulijua.

Melki alilazwa Same siku kumi na moja. Siku ya nne Lukia, anamenya chungwa, alisema bila kumtazama, "Mimi Lembeni nilichelewa kwa sababu ya jino. Nilikuwa naling'olesha. Kwani hivyo vya bluu nani alikuomba?" Akampa kipande cha chungwa, na Melki akalia mbele ya wodi nzima. Doreen ndiye aliyezungumza na daktari, na presha ikabadilishiwa dawa. Siku hizi akina mama wakitoka zahanati, wanaume huingia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, na Doreen huwauliza kwanza habari za moyo.

Eliamini hakuja kumwona hospitali. Hajamsalimia mpaka leo, na ni mwaka wa tano. Wakikutana njiani anapanda juu ya tuta ili wasipishane. Melki ametuma wazee mara mbili, wamerudi na majibu mabaya. Inamuuma, kwa kuwa rafiki mwingine hana.

Lakini kila Sabato anawahi kanisani, anakaa dirishani, anaangalia njia. Eliamini anatokea kwenye kona, Biblia kwapani, amekunja uso, anapita bila kugeuza shingo. Anapanda ngazi zote kumi na mbili bila kupumzika. Hapo ndipo Melki anapofungua kitabu chake cha nyimbo.