Shoka Nililolinunua Muyinga

Shoka la kwanza nililinunua soko la Gitega, na nilidanganywa na rangi. Lilikuwa jekundu shingoni, linang'aa, lina kibandiko cha karatasi, nami nikalichukua kama mtu anayechagua shati la sikukuu. Siku ya tatu, nikipasua gogo la mkaratusi, kichwa chake kilichomoka kwenye mpini, kikapita karibu kabisa na sikio la baba aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage, kikajikita kwenye ukuta wa udongo. Baba hakupiga kelele. Alikichomoa kile chuma, akakigonga kwa jiwe, akasikiliza.

"Hili si shoka," alisema. "Hili ni sufuria."

Baba anajua mashoka. Alinilea kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako kuni zilikuwa mbali porini na porini kulikuwa na watu wabaya. Kila mwanaume alikuwa na shoka lake dogo, la mpini mfupi, mgongo wake mnene kama nyundo, na hakwenda nalo mfukoni wala kwenye gunia. Alilibeba begani, makali yakitazama mbele, ili yeyote aliyejificha kwenye vichaka alione toka mbali na aamue kubaki alipo. Mimi nilipewa langu nikiwa bado sijaota ndevu. Kulibeba vile nilikuona ni adabu ya mtu mzima, sawa na kuvua kofia kanisani.

Tuliporudi Burundi, kwenye kilima cha wazazi wetu upande wa Giheta, tulikuta kuna bibi anaishi kwenye shamba letu. Nasema bibi, lakini aliingia pale akiwa bibi harusi. Mumewe alipewa shamba na wakubwa wa wakati ule, baada ya babu yangu kukimbia, na huyo mume alikufa katika miaka ya vita. Bibi alibaki, akalima, akapanda kahawa, akamzika mumewe pale. Tulishtakiana miaka minne. Mimi nilikuwa na hasira naye, siwezi kudanganya. Nilikuwa nikimwona anachuma ndizi najisikia kama ananichomolea kitu mfukoni. Lakini baba alichoka kesi. Aliniambia anataka kufa akiwa na jirani, si akiwa na adui, na yule bibi naye akawaambia wazee hayo hayo.

Basi wazee wa kilima, wale wanaoitwa bashingantahe, wakaamua shamba ligawanywe katikati. Jumamosi wangekuja kusimamia tukisimika vigingi vya mpaka, halafu baba na bibi wangekunywa urwarwa, pombe ya ndizi, kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, mbele ya watu. Wakishakunywa hivyo, hakuna tena wa kufungua kesi ile. Kwa baba, Jumamosi hiyo ilikuwa na uzito zaidi kuliko siku ya ubatizo wake.

Vigingi vilikuwa kazi yangu. Ndiyo maana nilihitaji shoka, na nililihitaji haraka.

Baba alikuwa amesikia kwamba Muyinga kuna mhunzi anayefua vyuma vya malori yanayokufa kwenye barabara ya Tanzania. Alhamisi asubuhi nikapanda lori la viazi likanifikisha. Mhunzi nilimpata nyuma ya soko, mtu mfupi, mweusi kwa masizi, mwenye dharau ya watu wanaojua kazi yao. Alinitupia mashoka sita kwenye gunia, akaendelea kuvuta kiriba cha moto.

Nilichagua kama nilivyofundishwa. Niligonga kila kichwa kwa msumari na kusikiliza: manne yalitoa sauti ya bati, nikayaweka kando. Nikachungulia tundu la mpini, maana tundu zuri linapanuka juu ili kabari ikishapigwa kichwa kisipate njia ya kutoka. Moja lilikuwa limeungwa kwa kuchomelewa, mshono umefichwa kwa kusuguliwa. Nikalirudisha, na mhunzi akacheka.

"We unajua," akasema. "Kamata ile ya mwisho, papa. Iko resori ya kamiyo, haiwezi vunjika. Utakufa, itabaki."

Lilikuwa limefuliwa kwa springi ya lori, dogo, jembamba kwenye makali, zito mgongoni. Akalitia mpini wa mti mzee wa kahawa, nyuzi zake zimenyooka toka juu hadi chini, akapiga kabari mbili. Nilipolirusha mkononi nilisikia furaha ya kijinga, furaha ya mtoto. Mhunzi akachana kipande cha gunia.

"Leta nifunike."

"Mvua haitanyesha leo," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. "Si mvua. Ulikulia Tanzania, we? Watu ya huku hawapendi kuona kitu kama hii kwa bega ya mtu. Wengine wanabeba kichwa tu, mpini wanatia nyumbani. Na ukifika, pita kwa jirani, muoneshe, umwambie ni ya kazi gani. Ni vile tunafanyaga."

Nilimwona ana maneno mengi. Nilichukua kile kipande cha gunia kwa heshima, na nilipofika kona ya soko nikakifutia viatu.

Ijumaa nilirudi hadi Gitega, nikakuta mji hauna mafuta. Mabasi madogo ya Giheta yalikuwa yamepangwa kituoni, madereva wamelala ndani. Nikaenda kwa miguu, shoka begani, makali mbele. Nilikuwa nimechoka lakini nimevimba kichwa, najiambia baba atafurahi. Nilifika kilimani jua likiwa bado juu. Njia ya kwetu inapita uani kwa bibi. Alikuwa amekaa juu ya mkeka anapura maharage kwa fimbo, peke yake.

"Bibi, amahoro," nikamsalimia kwa Kirundi, bila kusimama, nikainua shoka kidogo kama mtu anavyoinua kofia.

Fimbo ilisimama hewani. Hakuitikia. Nilidhani hajasikia, na kusema kweli nilidhani pia kwamba bado ana kiburi chake. Nikapita.

Baba alilipokea lile shoka, akaligonga, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza nimelifungia nini. Nikamwambia sikulifunga. Akauliza nimepita wapi. Nilipomjibu, aliketi chini palepale kwenye vumbi, yeye ambaye magoti yake hayamruhusu kuketi chini. Wakati wa kuondoka hapa alikuwa kijana mkubwa, alijua desturi ya hapa, na hakuwahi kunifundisha. Alinifundisha ya kambini tu.

Jumamosi wazee walikuja na fimbo zao. Vigingi vilikuwa tayari, vimechongwa vizuri mno. Chungu kilikuwa tayari. Bibi hakuja. Tulisubiri hadi povu la pombe likashuka, kisha wazee wakaenda kwake, nasi nyuma. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa nje. Mbuzi hawakuwepo. Maharage yalikuwa bado kwenye mkeka, nusu yamepurwa, kuku wa watu wanakula.

Binti yake anafua nguo za shule moja Mushasha, mjini Gitega. Jumatatu nikaenda huko mikono mitupu, nimevaa shati jeupe. Bibi alikuwa kwenye kijichumba cha binti yake, ameketi kitandani, mfuko wa nguo miguuni. Alijua Kiswahili kidogo cha kuuzia ndizi sokoni.

"Bibi," nikasema, "lile shoka lilikuwa la vigingi. La mpaka wetu. Nakuapia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi ni mjinga tu. Kule tulikokulia ndivyo tulivyobeba."

"Ndiyo." Alikuwa ananiitikia kama mtu anayeitikia polisi. "Na wale wa wakati ya vita walipitaga na mapanga, wakanisalimiaga vizuri. Wakasema wanaenda kukata majani ya ng'ombe. Mi niliwapa maji. Kisha wakarudi kwa bwana yangu."

Nilipiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele ya mtu, na nikaona jinsi alivyojivuta nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Magoti yangu nayo yalimtisha. Nikasimama polepole, nikatoka.

Wiki ya tatu binti alileta karatasi yenye alama ya kidole gumba. Shamba lote ni letu, imeandikwa, kwa hiari yake. Wazee walimuuliza mara mbili kama kuna aliyemlazimisha, na mara mbili akasema hapana. Wakapiga sahihi.

Baba alisomewa ile karatasi, akairudisha kwangu. "Hivi ndivyo na la kwetu lilivyochukuliwa," alisema. "Hakuna aliyetupiga hata kofi." Alikufa wakati wa masika, na hakukanyaga upande ule wa bibi hata siku moja. Kahawa ya bibi naivuna mimi. Watu wa kilima nikikutana nao njiani wanasogea pembeni, wananisalimia wao kwanza, hata wazee wa umri wa baba, kwa mikono miwili.