Kapu la Simu Mlangoni

Tangu harusi ile sikai nikatulia. Nafungua mkoba, naitazama kamera, naufunga. Mjukuu wangu ananicheka: "Bibi, itakukimbia?" Namwambia aende akaoshe vyombo.

Shule sikwenda sana. Kupiga picha nilifundishwa na marehemu mume wangu, aliyekuwa na studio hapa Malindi. Yeye mwanamume, kwenye kupamba, sherehe ya wanawake watupu, haingii. Siku hiyo wanawake huvua mabuibui, bibi harusi akaketishwa juu, nywele wazi, mabega wazi, tukamtazama sisi kwa sisi. Basi mume wangu akanitia kamera mkononi, nikaingia mimi. Picha zikishasafishwa, filamu yenyewe nilikuwa nikimkabidhi mama wa bibi harusi akaifungie kabatini. Nyumba za watu zilinifungukia kwa hilo.

Siku hizi kamera haina filamu. Natoa kile kikadi cha ndani, namkabidhi mama vilevile. Tabu ni simu. Kwa hiyo mlangoni huwekwa kapu na mtu wa kulilinda, kila aingiaye atie simu yake humo.

Harusi ile kapu lilishikwa na khaloo yake bibi harusi, dada wa mama yake. Mkali! Hata kizee asiye na simu alipekuliwa pochi.

Siku ya pili picha ikaenea. Bibi harusi, nywele wazi, yumo kwenye simu za wanaume sokoni. Mama yake akaja kwangu, hata shikamoo hakunipa.

"Kamera iliyokuwa mle ndani ni yako peke yako."

"Na kikadi nimekupa. Kiko wapi?"

"Kabatini. Nani ajuaye umetoa ngapi kabla?"

Miaka yote hiyo sijaambiwa neno kama lile. Nikamwambia, "Lete simu yako, niione hiyo picha." Nikaitazama picha, nikajiona mwenyewe kwa nyuma, nimeinua kamera kumpiga binti yake.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi mimi nina macho kisogoni?"

Hakucheka. Akaitazama tena, na safari hii akauona ukingo wa kapu, chini pembeni. Picha imepigwa kutoka mlangoni.

"Dada yangu," akasema, akakaa sakafuni.

Walipomkabili, dada mtu hakukana. Aliirusha picha kwa binti yake mwenyewe aliyeko Mombasa, ili naye amwone bibi harusi alivyopendeza. Yeye tu, basi. Binti naye akamrushia shoga yake. Shoga sijui alimrushia nani.

Bibi harusi yuko kwa mumewe, hatoki hata ukumbini wakija wageni. Mama yake alirudi kwangu, safari hii kwa shikamoo.

"Ifute, bibi. Wewe ndiye fundi."

Nikaifuta kwenye simu yake, mbele ya macho yake. Nyingine nitazifutia wapi? Filamu ningeichoma jikoni, tukaliona jivu lake, yakaisha.

Sasa nimeitwa Kilifi, kwenye kupamba tena. Juzi mama wa huko alinipigia.

"Bibi, kapu tumpe nani?"

"Nipeni mimi."

"Na picha atapiga nani?"

Nikamwambia nitampigia simu baadaye. Simu iko hapa mkononi, kamera iko mkobani, na sijampigia.