Kisanduku Chenye Matundu

Fundi wa mota kutoka Marani huwa hasalimii mtu kabla ya kunawa. Hunawa, hujifutia mikono shatini, ndipo aanze kufoka. Leo alifungua kile kisanduku cha kuongeza na kupunguza mwendo wa mota kwenye mashine yangu ya kuchongea mabakuli ya mawe, ambacho kiliungua jana. Alikigonga mezani, vumbi jeupe la mawe likamwagika kama unga. “Baba Kemuma, si nilikwambia ununue kilichozibwa kabisa? Wewe ukaenda kuchukua chenye matundu!” Nilitaka kumjibu kwa ukali vilevile, lakini kikohozi kikanishika. Alisubiri kiishe. Kisha akanigonga kifuani kwa kidole kilichojaa lile vumbi. “Kisanduku utapata kingine,” akafoka. “Kifua utakitoa duka gani?”