Swali Juu ya Neno Shepu

Nilikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Tuliporudi Burundi wazazi walikaa Muyinga, nami nikaja kufundisha Kiingereza huku Mushasha, mjini Gitega. Mwaka jana, tukiwa kwenye somo la duara na pembetatu, niliandika ubaoni neno shape. Nilipolitamka, darasa likacheka. Msichana wa dawati la mbele peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Madamu, kama maana yake ni umbo, mtu anaweza kulikosa?"

Mtaani shepu ni nyonga za mwanamke, kwa hiyo nilidhani ananitania. Nikamtoa nje. Baada ya kipindi rafiki yake akanieleza kwamba wavulana humwambia kila siku hana shepu.

Niliona aibu. Mchana ule nilikwenda maktaba ya mapadri, nikaomba kamusi kubwa ya Kiingereza, ile inayoeleza asili ya maneno. Nilitaka jibu moja tu, lakini nilikaa pale hadi walipotaka kufunga. Kumbe Waingereza wa kale walitumia mzizi wa neno hilo kwa maana ya kuumba, na Mungu, Muumba, walimwita kwa mzizi huohuo. Nikarudia kusoma. Umbo, kuumba, Muumba: sisi na wao tulipita njia moja bila kuonana. Hata -ship, kipande kinachomalizia friendship, neno lao la urafiki, kina undugu nalo.

Kesho yake nilimwomba radhi yule msichana mbele ya wenzake, nikawasimulia niliyosoma.

"Basi kila kilichoumbwa kinalo," akasema taratibu, huku akiandika.

"Kinalo," nikamjibu.

Likizo ilipofika nilikwenda Muyinga. Mama mmoja wa Kiislamu, fundi wa nguo, alikuwa akinipima gauni, nami nikamhadithia yote.

"Mi sijui Kizungu," akasema, "lakini nguo haina forme, hiyo shepu yenu, kama mtu haiko ndani. Na huyo mtoto, we ulimuuliza kama bado wanamucheka?"

Sikuwa nimemuuliza. Shule ilipofunguliwa nilimtafuta, nikamuuliza.

"Wamebaki wawili," alisema. Kisha akaniomba nimwonyeshe hiyo kamusi. Tulikwenda siku hiyohiyo. Hakuuliza nilipolikuta lile neno; alifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akaanza kusoma.