Dawa ya Mama Laurentine Iko mu Harufu

Mu mutaa yetu ya Kapata, mutu akishikwa na kikohozi alikuwa anaenda kwa mama Laurentine. Alipanda lumbalumba, majani ya harufu kali, nyuma ya nyumba. Anaichemusha, anakufunika na blanketi, unavuta mvuke. Infirmier wa hospitali alikuwa anasema ndani yake muko mafuta ya timoli, inauaka microbe. Mama yeye alisema tu: "Dawa iko mu harufu. Usiache nyungu wazi."

Mu mwaka wa 1993 bakafukuza Bakasai mu muji, batu benye asili ya Kasai, na mama Laurentine alikuwa mumoja wabo. Mama na mujukuu wake Rémy bakalala mu gare, kungojea train. Rémy akakohoa mupaka pumzi inakatika. Mi, mutoto wa jirani, nikakimbia kwa nyumba yake, nikachuma majani, nikachemusha kwetu, nikaleta sufuria bila kifuniko.

Mama akanusa. "Tata yangu, dawa ulipatia bambwa ba njia. Kwangu umeleta maji."

Batu benye kulala pale bakacheka. Lakini mu mufuko ya shati yangu mulibakia majani. Mama akaisugua mu maji ya moto, akafunika Rémy na kikwembe, nguo yake ya kujifunga.

"Ingia na weye, unahema sawa mbuzi," akaniambia.

Tukavuta pamoja mupaka Rémy akasinzia. Asubui train ikababeba. Mama yangu alitaka kufua ile shati. Nikakatala.