Kipenyo Kimoja cha Jiko la Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa hesabu upande wa Busia ya Kenya, na nina ugonjwa wa kupenda kuonyesha ninachojua. Mwaka jana nilinogewa na programu ya jiometri, ile inayokuchorea umbo angani ukaligeuza huku na huku. Duara la kwenye karatasi hudai kitovu na nusu kipenyo tu. Angani hayo hayatoshi. Lazima utaje na mhimili, yaani duara linatazama wapi, la sivyo programu haijui ilichore limelala au limesimama. Wanafunzi wangu walilisikia hilo mpaka wakachoka.

Basi wakwe zangu wa Petta, kule Tororo ng'ambo ya mpaka, wakataka kuezeka upya jiko la mama mkwe, kibanda cha udongo ambacho nyasi zake zilikuwa zimeoza. Nikajitolea kabla sijaombwa. Nilichora maduara juu kwa juu kwenye mhimili mmoja, kila moja dogo kuliko la chini yake, nikayaunganisha kwa mistari ya vyuma mpaka paa likasimama kwenye kompyuta. Nililizungusha mbele ya mashemeji, wakapiga makofi. Kichwa kikavimba.

Vipimo sikuvichukua mwenyewe. Kwao kama kwetu, mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hata wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani kumpisha mwenzake. Kwa hiyo mimi nilikaa nje, mke wangu akaingia na tepu, akapima toka ukuta wa kulia hadi wa kushoto.

"Mwalimu, napima na huku, toka mlango mpaka nyuma?" akaniuliza kutoka ndani.

"Ya nini? Duara ni duara. Kipenyo kimoja kinatosha."

Fundi wa Busia akakunja vyuma na kuvichomelea. Siku ya kazi nyasi kuukuu zilishushwa asubuhi, na paa langu likaja kwenye pikapu. Mashemeji wakaliinua. Kulia sawa, kushoto sawa, juu ya mlango sawa. Nyuma halikuufikia ukuta. Lilining'inia ndani, na mtu angeweza kupitisha mkono mzima katika pengo lile. Mke wangu akaniambia taratibu kwamba ukuta wa nyuma uliwahi kuanguka kwa mvua, na mama alipoujenga upya aliusogeza nje, jiwe lake la kusagia lipate nafasi. Kila mtu pale nyumbani alilijua jambo hilo. Mimi niliyehubiri kwamba duara ni lazima liulizwe linatazama wapi, sikuwa nimemuuliza mtu kitu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wakalishusha, wakaniketisha kwenye kiti kizuri barazani kwa baba mkwe, nikaletewa kuku. Kuku huyo alipikwa kwa jirani, kwa sababu mwenye jiko hakuwa na paa. Mvua ikaanza nikiwa na paja mkononi, na nilitazama maji yakimiminika ndani ya kile kibanda kilicho wazi. Niliona aibu hata kutafuna.

Mvua ilipopungua, mke wangu akaja. "Mama anasema wewe ingia, pima mwenyewe."

"Siwezi. Unajua siwezi."

"Yeye amekwisha kwenda kwa jirani. Ingia."

Nikamwona mama mkwe akikatiza shamba la mihogo kwenye manyunyu, gunia kichwani, hageuki nyuma. Tangu nioe, sikuwahi kumtazama muda mrefu kiasi kile. Mama wa watu alikuwa ameliacha jiko lake mwenyewe ili mimi nipate kuingia bila kuvunja heshima yake wala yangu.

Ndani majivu yalikuwa uji na mafiga yamelowa. Lakini alikuwa amefagia maji yote upande mmoja, na karibu na jiwe la kusagia aliniwekea kigoda, kimepanguswa kikauka. Sikuthubutu kukikalia. Nilipiga magoti kwenye tope, nikapima toka mlango mpaka nyuma.