Maji ya Mgonjwa

Ninyi mliozaliwa mkakuta mfereji uko jikoni, mtanisamehe. Leo naongea na wenzangu, wale waliowahi kuchuja maji kwa ncha ya leso wakameza bila kuuliza ni nini kilichobaki kwenye leso.

Tulipokuwa wadogo, kijijini kwetu kwenye ile barabara mbovu ya kwenda Garbatulla, maji yalikuwa na rangi. Yalifanana na chai ya maziwa, hata kabla ya kutiwa majani. Tuliyateka silanga, lile bwawa la maji ya mvua, na silanga ilikuwa ya kila mtu: mbuzi, ngamia, vyura na sisi. Ukimwona kiluwiluwi kwenye kikombe ulimpuliza kando, ukaendelea kunywa.

Kazi ya kuteka ilikuwa yangu na Halima, binti wa shangazi yangu. Alfajiri tulimfungia punda mitungi, tukaondoka. Punda wetu alikuwa mvivu kupita kiasi, na Halima alikuwa akimwimbia nyimbo za harusi eti apate moyo wa kutembea. Njiani tulibandua utomvu wa migunga tukatafuna, tukafukuza digidigi ambao hatukuwahi kumshika hata mmoja. Tukifika shule kengele ilikuwa imelia zamani, na mwalimu alitungojea langoni na kiboko chake. Nilipenda shule kuliko kitu chochote, lakini hesabu za asubuhi sikuzijua, kwa sababu zilifundishwa nikiwa bado namsukuma punda.

Kisha kikachimbwa kisima, ikafungwa pampu, na mfereji ukawekwa kando ya ua wa shule. Fikiria furaha yangu. Chifu aliita baraza, na afisa wa maji, mgeni aliyevaa kaki iliyopigwa pasi, akatueleza kwamba haya ni maji safi na yametiwa dawa. Alieleza mengine mengi kuhusu tangi na wadudu wasioonekana, lakini nyanya yetu, tuliyemwita Akko kama Waborana wote, hakuyasikia. Neno lililomwingia ni moja tu, dawa.

Na dawa, kwa Akko, ilikuwa na heshima yake. Mtu mzima wa afya hanywi dawa. Dawa haipikiwi chai, na wageni hawakaribishwi kwa dawa. Akina mama wa kijiji walikubaliana naye bila kupinga. Basi maji ya mfereji yakatiwa kwenye chupa ya juisi, ikafungwa kitambaa mdomoni, ikawekwa chini ya kitanda. Aliyeumwa alipewa kijiko asubuhi na kijiko jioni, baada ya chakula. Jirani alikuja kuomba kidogo kwa ajili ya kikohozi cha mtoto. Sisi wenye afya tukarudi silanga, na kila alfajiri tuliupita ule mfereji tukiutazama kwa jicho la pembeni.

Tulijaribu kuugua. Halima alikuwa hodari wa kulia tumbo, angeweza kumliza hata daktari. Alipata kijiko chake cha maji, kisha akafunikwa blanketi gubigubi kwenye lile joto letu, bila uji wala chai. Alipona kabla ya adhuhuri.

Siku moja afisa alirudi. Alikuta chini ya mfereji ni vumbi tupu, na ndege ndio waliokuwa wakinywa matone. Tukiwa nyuma ya ua tulimsikia akimwambia chifu kwamba kama watu hawataki maji, pampu itang'olewa ipelekwe kwa wanaoyataka. Viboko vya mwalimu havikuwahi kunitoa machozi, lakini siku hiyo nililia.

Kesho yake tuliondoka na punda kama kawaida, tukazunguka nyuma ya shule, tukajaza mitungi kwenye mfereji. Tuliiacha wazi mpaka harufu ya dawa ikapungua, tukaipaka tope kidogo kwa nje. Halima alitaka kutia tope na ndani, eti Akko asishtuke kwa rangi. Tuligombana juu ya hilo, nikamwambia basi ni heri twende silanga moja kwa moja. Nyumbani tulifika mapema tukihema kama watu waliotoka mbali, tukamwambia Akko punda siku hizi anatembea vizuri kwa sababu ya zile nyimbo za Halima. Aliamini. Akaonja chai, akasema mwaka huu silanga imetulia sana. Halima alikohoa mpaka akatoka nje.

Shuleni tuliwahi kabla ya mwalimu. Maskini, alibaki na kiboko mkononi bila kazi.

Mchezo huo ulikwenda vizuri mpaka asubuhi moja Akko alipotuita. Alikuwa ameinama, ameshika mguu wa punda.

"Hii punda haijakanyaga matope tangu mwezi uonekane," alisema. "Hiyo silanga yenu iko wapi?"

Tulijua fimbo inakuja, na baada yake pampu inaondoka. Lakini Akko alikaa kwenye kigoda, akaanza kujibonyeza tumbo, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo. Tumbo hilo lilimuuma tangu sisi hatujazaliwa. Kila jioni alilikaza kwa kitambaa ndipo apate usingizi.

"Nimekunywa dawa siku hizi zote," alisema polepole, "na tumbo imenyamaza. Kumbe nilikuwa mgonjwa."

Akatutazama sisi, akatazama nyumba za majirani.

"Kumbe sisi wote tulikuwa wagonjwa."

Alichukua mtungi mwenyewe, akaenda. Adhuhuri foleni ilikuwa imefika lango la shule, na Akko ndiye aliyekuwa akiwapanga watu. Pampu haikung'olewa. Fimbo zetu tulipewa vilevile, kwa kusema uongo.

Siku hizi nakaa mjini, mtaa wa Wabera, na Akko ni mimi. Mfereji uko uani, ukitaka unatoa, usipotaka unakoroma tu. Mjukuu wangu hanywi maji yake, anasema yana harufu, yeye ni wa chupa za dukani. Majuzi aliufungua anawe mikono, simu ikamwita, akauacha ukimwagika mpaka mlangoni. Nilimpigia kelele afunge. Akanitazama kwa huruma, kama wanavyotutazama sisi wazee.

"Akko, si ni maji tu."

Nikafunga mwenyewe. Miaka yote ile ya utoto wangu nilisikia watu wakiyaomba maji, wakiyagombania, wakiyaapia. Sikuwahi kumsikia mtu akiyataja, kisha akaongeza hiyo "tu".